Kifua cha Baba Kwenye Banda la Afya

Baba,

Shikamoo. Nimeiandika na kalamu ikasimama, kwa sababu tangu nijue kusema sijawahi kukuamkia nikakosa kusikia marahaba yako. Basi naiacha hapo, ikae.

Ni mimi Agnesi, kitinda mimba wako. Mama hajambo, ila magoti yanamsumbua akikaa sana kanisani. Nakuandikia kwa sababu ya jambo lililotokea Mikumi siku ya Sabasaba. Kila nikianza kumsimulia mtu nashikwa na kichefuchefu kabla sijafika mwisho. Padre aliniambia nimwambie Mungu. Nimemwambia. Bado limenikaa kooni kama mfupa. Sasa nakuambia wewe, kwa sababu aliyefanyiwa ni wewe.

Lakini siwezi kuanzia Mikumi. Naanzia kijijini.

Unakumbuka serikali ilipotushusha kutoka milimani Vidunda, tukaishi katika vijiji vipya. Ulifunga mlango wa nyumba tupu, ukaweka ufunguo mfukoni, ukashuka mlima bila kugeuka nyuma. Huku chini tulipewa viwanja vilivyopangwa kwa mstari, mashamba ya miwa ya Ruhembe yakionekana kwa mbali, joto, mbu, na majirani tusiowajua. Wengine walilia. Wewe ulichukua sululu ukachimba choo. Nyumba haijaezekwa, tunalala chini ya turubai, wewe unachimba choo. Mama akakuuliza kwa hasira kama tutalala chooni. Ukamwambia, "Nyumba inaweza kungoja. Tumbo halingoji."

Kilikuwa choo cha kwanza katika kijiji chote. Ukakiwekea mlango wa mbao, maana wewe ni fundi, huwezi kuacha kitu bila mlango. Bwana Afya wa tarafa alikuja na pikipiki yake, akakizunguka, akakusifu, na wiki iliyofuata akaleta wanakijiji waje kukiangalia na kujifunza. Alisimama pale akasema, "Ndugu wananchi, mfuateni Mzee Stefano." Nilikuwepo, nimeshika ndoo ya maji. Nakukumbusha hili, Baba, kwa sababu utalihitaji mbele.

Kisha yakaja mafua yale. Yalianza shuleni, watoto wakarudi nyumbani macho mekundu na miili ya moto. Yakaenda kwa wakata miwa, yakaenda kwa kina mama. Kila nyumba ilikuwa na mtu aliyejifunika blanketi mchana. Mganga wa zahanati aliwapa wote klorokwini na aspirini, na karibu wote wakapona kwa vidonge au bila vidonge. Wewe hukupona. Homa ilishuka ikarudi, kikohozi kikaingia ndani, ukawa unapumua kama mtu aliyebeba boriti mlimani. Siku moja nikaona damu kidogo kwenye makohozi yako. Ukayafunika kwa majivu haraka ili Mama asione. Hata katika ugonjwa hukutema chini, Baba. Ulikuwa na kopo lako na majivu ndani yake, na mfuniko uliouchonga mwenyewe.

Bwana Afya alipita siku hiyo. Hakuingia ndani. Alisimama mlangoni, leso puani, akasikiliza unavyokohoa, akaniuliza kama kuna damu. Nikasema ndiyo, kidogo. Jioni yake ukaitishwa mkutano, na mbele ya kijiji kizima akasema Mzee Stefano ana TB na atengwe. Hakuna aliyekupima. Hakuna aliyekugusa hata kifuani. Kuna mtu aliyesikiliza kikohozi akiwa mlangoni, basi.

Nikikumbuka siku zilizofuata mdomo wangu unakuwa mchungu. Watu uliowatengenezea milango walipita mbali na mlango wetu. Kisimani walimwambia Mama asubiri mpaka wote wateke, na ndoo yake isiguse ukingo. Mke wa Mwenyekiti wa kijiji alinirudishia bakuli nililokuwa nimewapelekea maharage, amelishika kwa majani ya mgomba. Wote wale walikuwa wamekohoa mwezi uleule! Wote! Kikohozi chao kilikuwa mafua, chako kikawa uchafu.

Mtu aliyeendelea kuja ni Mzee Salehe tu, jirani yetu wa upande wa mpunga. Alikaa kwenye kigoda chake mlangoni kwako, mnazungumza habari za nguruwe pori. Ni yeye aliyeniambia, "Agnesi, mpeleke baba yako kwenye hospitali yenye mashine ya kuona ndani. Huku mtamsikiliza akikohoa mpaka afe."

Tukapanda treni. Unakumbuka ulivyokaa dirishani, umejifunga shuka mpaka masikioni, treni ilipopita mbugani ukanionyesha twiga kana kwamba mimi ni mtoto. Nilikuwa na miaka zaidi ya thelathini, nimeachika, nina mvi mbili tatu. Nilitazama twiga.

Hospitali nayo nataka kuikumbuka pamoja nawe, kwa sababu pale ndipo mtu alipokutendea kama mtu. Walikutoboa kidole, tone la damu likawekwa kwenye kioo, likapelekwa maabara kutafutwa malaria. Hakukuwa na malaria. Walikupa kikopo cha makohozi, asubuhi ya kwanza, ya pili na ya tatu, na kila mara yule kijana wa maabara aliyapaka kwenye kioo, akayachoma kwa moto, akayatia dawa nyekundu, akainamia darubini muda mrefu. Na kila mara akatoka akitikisa kichwa kwa daktari. Hakuna vijidudu vya kifua kikuu.

Na chumba cha eksirei. Giza, na ile mashine inayonguruma. Walikuvua shati, wakakusimamisha umekumbatia bamba la baridi, sauti ikatoka nyuma ya ukuta, "Vuta pumzi. Ibane. Usipumue." Mimi niliyekuwa nje ya mlango nami nikaibana. Ulipotoka ukaniambia, "Wamenipiga picha bila kuniambia nitabasamu."

Daktari yule alikuwa kijana, pengine mdogo kuliko mimi, lakini alikuamkia shikamoo kabla ya kitu kingine chochote. Aliinua ile picha dirishani, akatuita tuitazame. Ndiyo mara ya kwanza nikauona ubavu wa baba yangu. Mapafu yalipaswa kuwa meusi, alisema, kwa sababu ni hewa. Yako yalikuwa yametapakaa weupe pande zote mbili, kama ukungu wa Vidunda asubuhi. Kisha akaweka kidole kwenye kidoa kidogo, cheupe kabisa, cha mviringo, chini ya ubavu wa kushoto.

"Mzee, na hiki nini?"

Ukacheka. Ukamweleza jinsi shemeji yako alivyokuwa analinda mahindi, akasikia kitu kinatembea, akafyatua gobore, kumbe nguruwe mwenyewe ni wewe. Risasi moja ilibaki ndani tangu ujana wako. "Mwambie shemeji yangu nimeipata," ukasema, ukacheka mpaka kikohozi kikakukata, na daktari akakushika mgongo mpaka kikatulia. Alikushika kwa mikono yake mitupu.

Halafu akanieleza mimi, taratibu, na nilimwomba arudie ili nisisahau. Alisema, "Picha inatuambia mapafu yanaumwa. Haituambii jina la ugonjwa. Kifua kikuu kinaweza kuweka weupe, na nimonia inaweza kuweka weupe. Ndiyo maana tumepima makohozi, na makohozi ni masafi. Kijiji kizima kilikuwa na mafua makali, naye aliugua nao, kwa ghafla. Haya ni mafua yameshuka mapafuni. Yanaletwa na virusi, ni vidogo sana, darubini yetu haivioni. Kuvipima kunahitaji maabara ambayo sisi hapa hatuna."

Nikamwuliza, "Kwa hiyo huna hakika?"

Akasema, "Sina hakika ni kirusi gani. Nina hakika hana TB."

Alikupa sindano za penisilini, akasema virusi havisikii sindano hizo, lakini huenda vimewafungulia mlango wadudu wengine. Alijitahidi. Ukafa siku ya Jumapili mchana, watu wa wodi ya pili wakiimba. Ulikuwa umenishika kidole gumba. Sitaandika zaidi ya hapo.

Tulikurudisha kwa gari la mizigo. Baba, kabla hatujafika, walikuwa wameshachoma mkeka wako. Mkeka, blanketi, shati la kazi, na kile kiti chako cha kuegemea ulichokitengeneza kwa mninga. Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyewasha moto, nyuma ya nyumba, Mama amesimama anaangalia. Vikombe walivivunja. Nyumba walikuwa wameinyunyizia dawa mpaka ndani ya chungu cha maharage. Nikawaambia alichosema daktari. Nikawaambia wote, nikiwa nimeshika ubao wa jeneza lako. Bwana Afya akajibu, "Dada, wewe si mtaalamu. Una uchungu." Wakasimama mbali, leso puani, wakaimba wimbo wa maziko kwa pua zilizozibwa. Uliwahi kusikia wimbo unaoimbwa hivyo? Ulikuwa kama mbuzi wanaotaka kutapika.

Mzee Salehe aliingia kaburini kukupokea. Nilimwuliza baadaye kama hakuogopa. Akasema, "Niliogopa. Lakini ni jirani yangu."

Hayo unaweza kusema yalikuwa woga. Mama alisema hivyo, kwamba watu waliogopa, tuwaache. Nikajitahidi kuwaacha. Msimu wa kulima nilikwenda shamba la kijiji nikalima nao mstari kwa mstari. Karibu mwaka ulipita. Basi sikiliza sasa habari ya Mikumi.

Siku ya Sabasaba vijiji vilipeleka mazao yao kwenye maonyesho. Kijiji chetu kilipeleka mahindi, mpunga na maboga, na Mwenyekiti akaagiza wanawake wanaojua kusoma waende kusimamia meza. Nikaenda. Mzee Salehe naye alikwenda na gunia lake la mpunga. Mchana tukapumzika, tukazunguka kuangalia mabanda ya wengine. Kulikuwa na foleni ndefu ya wanafunzi mbele ya banda moja lililofungwa mashuka meupe. Banda la afya. Nilisema tuingie, huenda kuna kivuli.

Ndani kulikuwa na giza, na kioo kimewekwa kama dirisha, taa ya karabai inawaka nyuma yake. Kwenye kioo kulikuwa na picha mbili za vifua. Moja nyeusi, safi. Juu yake kumeandikwa kwa chaki: MTU ANAYEPENDA USAFI. Ya pili imejaa ukungu. Juu yake: MTU MCHAFU.

Bwana Afya alikuwa pale na fimbo iliyochongwa. Bwana Afya wetu. Alikuwa anaigonga ile picha ya pili, tok, tok, kifuani.

"Huyu alikuwa hana choo," anasema. "Anatema mate ndani ya nyumba. Vyombo haoshi. Mapafu yameoza, mnaona? Yameoza kabisa."

Mtoto mmoja akauliza, "Alikufa?"

"Alikufa. Na angewaua wenzake kama tusingemtenga."

Watoto wakasema "Eeeh!" kwa kinyaa. Mmoja akatema mate chini, kuelekea kwenye picha. Mwalimu wake akacheka. Na mimi, Baba, Mungu anisamehe, nilikuwa natazama kama wao. Nilikuwa namhurumia mtu huyo, yeyote aliye, huku nikifurahi si wa kwetu.

Kisha fimbo ikashuka, na nikaiona risasi.

Ile ile. Nyeupe, ya mviringo, chini ya ubavu wa kushoto.

Nikaona mate yamenijaa mdomoni, nikameza, yakajaa tena. Mzee Salehe akaniuliza kama ni joto. Nikasema, kwa sauti ambayo sikujua ninayo, "Huyo ni baba yangu."

Watu wakageuka. Bwana Afya akanitambua, nikaona macho yake yanatafuta pa kwenda. Kisha akatabasamu.

"Dada Agnesi! Karibu. Picha hii haina jina, dada yangu. Ni ya mgonjwa tu."

"Ina risasi," nikasema. "Hapo chini ya fimbo yako. Alipigwa gobore na mjomba wangu akiwa kijana. Niambie ni mchafu gani mwingine mwenye risasi mahali hapo."

Wanafunzi wakasogea kuangalia. Mmoja akasema, "Kweli ipo!"

Bwana Afya akaninong'oneza, "Twende nje tukazungumze. Nitakununulia soda."

Soda, Baba. Alitaka kuninunulia soda.

Nikabaki palepale. Nikawaambia wale watoto, maana wakubwa nilishawaambia kwenye maziko hawakusikia: huyu mzee alichimba choo kabla ya nyumba yake kuezekwa. Huyu bwana alileta watu waje kukitazama. Mzee alikuwa na kopo la makohozi lenye mfuniko. Alipimwa hospitali, makohozi yake yakawekwa chini ya darubini asubuhi tatu, hakuonekana na TB. Alikufa kwa mafua, mafua haya haya mliyougua nyinyi mwaka jana mkapona.

Mwalimu, yule aliyecheka, akamwuliza Bwana Afya, "Ni kweli haikuwa TB?"

Na hapa ndipo, Baba. Hapa ndipo ninapokwama kila nikisimulia. Hakukana. Angekana ningejua ni mjinga. Alipandisha mabega akasema, kama mtu anayeeleza bei ya nyanya, "Hospitali waliniambia makohozi hayakuwa na kitu, ndiyo. Lakini kwa kufundishia hii ndiyo picha inayoonekana vizuri. Zile za wagonjwa wenyewe wa TB hazikuwa wazi hivi."

Alijua. Alipokwenda hospitali kuiazima aliambiwa, akajua. Aliichukua kwa sababu ukungu wako ulionekana vizuri. Akaandika neno lile kwa mkono wake, akajua. Akagonga kifua chako kwa fimbo tangu asubuhi, akajua, na aliposhikwa wala hakuona aibu. Aliniona mimi tu ninayemharibia somo. Akaongeza, "Hata hivyo mzee wako amelisaidia taifa. Ni heshima."

Nikanyoosha mkono nikaibandua picha kwenye kioo. Ilikuwa imepata moto kwa sababu ya karabai. Akasema, "Hiyo ni mali ya serikali!" Mwenyekiti wetu, aliyekuwa ameitwa na kelele, akasimama mlangoni akaeneza mikono. "Agnesi, usituaibishe mbele ya wageni."

Nilimwendea na picha mbele yangu, kifua chako kikimtazama, na unajua alifanya nini? Akaziba pua. Aliziba pua, akaruka pembeni. Na nje vilevile, habari ilikuwa imeshatangulia, watu wakapisha njia, wanawake wakajifunika kanga mdomoni, mama mmoja akamvuta mtoto wake asije akaguswa na picha. Waliogopa kuambukizwa na picha! Hakuna aliyenizuia kwa sababu hakuna aliyetaka kunigusa. Hiyo ndiyo elimu ya afya waliyoipata siku hiyo. Mzee Salehe alitembea kando yangu mpaka kituoni, kofia yake ameishika mkononi. Nyuma ya kituo nikatapika vizuri.

Mama alipoiona hakulia. Aliipeleka mlangoni penye mwanga, akaiangalia muda mrefu, akauliza moyo ni upi. Nikamwonyesha. Akauliza risasi ni ipi. Nikamwonyesha. Akasema, "Kaka yangu huyu, kulenga hajui." Sasa anaiweka kwenye sanduku la nguo, juu ya kitenge chake cha kanisani. Padre alishauri tuifukie kaburini. Mama alimjibu kwamba utaratibu huo atauamua mwenyewe.

Habari zilifika kijijini kabla ya mahindi ya maonyesho kurudi, na watu wakaanza kuja. Hilo lilinichefua kuliko walipokuwa hawaji. Walikuja na mayai, na ndizi, wakakaa, wakasema, "Sisi tulijua tu, Mzee Stefano hakuwa mtu wa TB." Nani alijua? Nani alivunja vikombe? Mama aliwapa uji, wakaunywa, wakasifu utamu wake. Mimi nilikaa jikoni.

Kisha ulifanyika mkutano wa kijiji. Mwenyekiti alizungumza habari za mbolea, akazungumza habari za zamu za shamba la kijiji, na katikati, kwa haraka, macho kwenye viatu vyake, akasema, "Kuhusu marehemu Mzee Stefano, taarifa zilizotufikia ni kwamba ugonjwa haukuwa ule uliodhaniwa. Tuendelee."

Mama akasimama. Unajua anavyosimama siku hizi, anaanza na mkono mmoja, halafu fimbo. Kila mtu akamngoja.

"Mwenyekiti mwanangu, masikio yangu mazito. Haukuwa upi?"

"Haukuwa... haukuwa kifua kikuu, mama."

"Sijasikia."

"Haukuwa kifua kikuu!"

"Na choo je? Alikuwa na choo au hakuwa nacho?"

"Alikuwa nacho, mama."

"Kilikuwa cha kwanza kijijini au cha mwisho?"

Mzee Salehe akakohoa kidogo, kwa makusudi.

"Cha kwanza," akasema Mwenyekiti.

"Ahsante," Mama akasema, akakaa. Nilimtazama nikatamani ungekuwepo uone mke wako.

Usidhani ilikwisha vizuri. Bwana Afya amehamishwa, lakini si kwa adhabu. Amepata ofisi Morogoro, yenye meza na karani. Walimfanyia tafrija, na Mwenyekiti alitoa jogoo kwa niaba ya kijiji. Wewe ulisema siku zote kwamba aliyepinda ubao hujulikana mlango ukifungwa. Milango inafungwa vizuri tu, Baba. Wala haikwaruzi.

Na sasa mafua yamerudi. Wiki hii shule imefungwa nusu. Watoto wanakohoa, mganga wa zahanati anagawa aspirini. Mke wa Mwenyekiti ameshikwa vibaya, homa haishuki, amekohoa damu. Yule wa bakuli na majani ya mgomba, ndiyo, huyo. Unajua mumewe amefanya nini? Amemhamishia kwenye banda la kuku, ameweka kikombe chake juu ya kisiki nje, na mtoto anamimina maji kutoka mbali. Mwanamke aliyemzalia watoto wote wale. Nilipoona kikombe kile juu ya kisiki nilishindwa kula.

Nilikwenda leo. Nikainama nikaingia kwenye lile banda. Akaniona, akajifunika uso kwa kanga, akasema, "Agnesi, usinikaribie, nina TB." Nikamwuliza nani amempima. Akasema hakuna. Nikamwambia basi hana, mpaka apimwe. Akalia. Sikumbembeleza, Baba, sina uwezo huo bado. Nilimwosha uso, nikamwambia ajiandae, kesho asubuhi tunapanda treni.

Kwa hiyo naandika haraka, vitu vyake nimeshavifunga. Nitamwulizia daktari yule kama bado yupo. Watamtoboa kidole, watachukua makohozi, atakumbatia bamba la baridi naye ataambiwa abane pumzi. Ikiwa ni TB, ina dawa, atatibiwa. Ikiwa ni mafua, atapewa kinachowezekana. Na picha yake sitaiacha nyuma. Nitasimama palepale mpaka nipewe.

Sijamsamehe mumewe, wala yeye mwenyewe sijamsamehe. Sikuahidi kwamba nitawasamehe, kwa sababu hukunilea niseme uongo, hata kwa marehemu. Ninachokuahidi ni hiki tu: maadamu mimi nipo katika kijiji hiki, hakuna mtu atakayepewa jina la ugonjwa na mtu aliyesimama mlangoni. Watanichukia. Tutakuwa sare.

Pumzika, Baba. Pumua sana huko uliko, hakuna wa kukuambia uibane.

Mwanao,
Agnesi